UNATAKA WAYA ZA MENO? SIKU YA KWANZA UTARUDI BILA!

WIKI hii naongea na wale wanaocheka huku wamefunika mdomo kwa kiganja. Mnajijua! Ikipigwa picha ya darasa unabana midomo kama umeficha pipi, na harusini unachekea puani. Kisa? Meno ya mbele yamechomoza nje, au yamebebana kama abiria wa daladala ya saa moja asubuhi, au jino la chonge limeota juu ya ufizi kama vile lilichelewa likakosa siti.

Sasa umeona binti mmoja mjini ana waya zinameremeta, ukaambiwa zile ndizo dawa. Ukajiwazia: naenda kwa dokta asubuhi, jioni narudi nimevaa, kesho nauza sura. Thubutu! Haiendi hivyo bwana. Siku ya kwanza kwa bingwa wa kupanga meno ni siku ya kukaguliwa, kupigwa picha, kuulizwa maswali mpaka ya ulipokuwa mchanga, na kupigiwa hesabu. Waya mara nyingi hata hazitolewi kabatini.

Nalisema hili hasa kwa vijana wa Mkuyuni, pale miguuni mwa Milima ya Uluguru, pamoja na jirani zao wa Kiroka, Kinole na Matombo. Mtu wa Upanga akiambiwa arudi wiki ijayo anakwenda kwa miguu huku anakula aiskrimu. Wewe wa Mkuyuni unadamka alfajiri, unatelemka na gari hadi Bigwa, unaingia mji kasoro bahari, na pengine safari ndiyo kwanza inaanza. Ukienda bila kujua kinachokusubiri, utarudi umenuna, mzee nyumbani atasema pesa ya ndizi imeliwa bure, na safari ya pili hupewi nauli.

MTU WA KUNG'OA NA MTU WA KUPANGA

Tuwekane sawa kwanza. Daktari wa meno wa kawaida anaziba, anang'oa, anasafisha. Bingwa wa kupanga meno ni daktari wa meno vilevile, ila alirudi tena darasani miaka kadhaa kusomea jambo moja: meno na taya vikae mahali pake na viumane sawasawa. Fani hii ina umri wake. Mmarekani Edward Angle alifungua shule ya kuifundisha kule St. Louis mwaka 1900. Hapa Bongo, masomo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979, na mabingwa wa kupanga meno mpaka leo ni wachache, wengi wao wamejaa Dar es Salaam.

Kwa hiyo usikurupuke. Anzia kwa daktari wa meno wa karibu nawe. Kwa mtu wa Mkuyuni karibu maana yake ni Morogoro mjini, ambako hospitali ya rufaa ya mkoa ina kitengo cha meno. Huyo atakutazama, atakuambia kama kweli una haja ya bingwa, na atakuandikia barua. Kubwa zaidi, atamaliza kazi zake kwanza. Meno yaliyotoboka yazibwe, ugaga ukwanguliwe, fizi zinazotoka damu zipone. Hakuna bingwa mwenye akili timamu atakayefunga waya kwenye kinywa kinachooza, maana waya huficha uchafu, na uchafu chini ya waya hula jino kimyakimya. Ukifika Dar na meno matatu mabovu, utaambiwa rudi ukazibe halafu uje. Nauli ya kwanza imekwenda na maji.

Safari yenyewe siku hizi si mateso kama zamani. Treni ya SGR ilianza kubeba abiria kati ya Dar na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na mabasi ya Msamvu yapo palepale. Ila Mkuyuni na Muhimbili kwenda na kurudi siku moja ni kujitesa. Kama una shangazi au kaka Dar, mpigie simu mapema ulale kwake. Kama hujatimiza miaka 18, nenda na mzazi au mlezi, maana kuna karatasi za kutia saini na kuna bei ya kukubaliana. Dada wa kidato cha pili peke yake hatakamilisha kitu pale.

USISEME "NATAKA WAYA"

Umeingia, umesema shikamoo dokta, umeketi. Swali la kwanza litakuwa hili: nini kinakusumbua? Wengi hujibu "nataka waya." Jibu hilo halimsaidii mtu. Sema shida yenyewe. Sema naona aibu kucheka. Sema nikitafuna nyama najing'ata shavu, au meno ya chini yananichoma kwenye kaakaa, au nilianguka nikaumia meno ya mbele kwa sababu yako nje. Hili la mwisho si utani, meno yaliyochomoza ndiyo yanayotangulia kufika chini mtu akidondoka na baiskeli au mpira ukimgonga usoni.

Halafu yatafuata maswali ya mwili mzima. Una pumu? Kisukari? Kifafa? Unameza dawa gani? Hereni za bei poa zinakuwasha masikio? Usicheke hilo la hereni. Waya nyingi zina madini ya nikeli ndani yake, na kuna watu ngozi zao hazipatani nayo. Kama wewe ni dada na unahisi una mimba, sema kabla ya eksirei, hata kama mama yuko nje ya mlango. Omba mwongee wawili tu. Dokta si mtangazaji wa redio.

Ataulizia pia kunyonya kidole. Mtoto akiendelea kunyonya dole gumba mpaka meno ya ukubwani yameanza kuota, kidole kinasukuma meno ya juu mbele, ya chini kinayarudisha nyuma. Wapo wanaolala na kidole mdomoni mpaka wako sekondari, wanaficha tu. Sema. Dokta akipanga meno na kidole kikaendelea na kazi yake usiku, ni kama kumwaga maji kwenye pakacha.

MUULIZE BIBI HABARI ZA NAILONI

Hapa nataka msomaji utulie, maana ndipo penye kisa chetu hasa.

Miaka ya 1980 ilivuma habari nchini kwamba watoto wachanga wanaota meno mabaya, wengine wakiyaita ya nailoni, wengine ya plastiki. Mtoto akiharisha, akipata homa, akikataa kunyonya, alipelekwa kwa fundi. Fundi alibonyeza ufizi, akasema haya hapa, akachokonoa. Vifaa vyenyewe vilikuwa kisu, kucha, au spoku ya baiskeli iliyonolewa. Kilichotoka kilikuwa laini, cheupe, na mama aliamini kabisa ameonyeshwa nailoni kwa macho yake.

Kile kitu hakikuwa nailoni. Kilikuwa jino changa la chonge la utotoni ambalo bado halijakomaa, na jino ambalo halijakomaa huwa laini namna hiyo. Watafiti wa Muhimbili waliliandika jambo hili katika miaka ya 1990, na nchi jirani kama Uganda nazo zina visa hivyohivyo. Watoto walitoka damu nyingi, wengine wakapata maambukizi, na wapo waliokufa. Ugonjwa wenyewe ulikuwa kuharisha au malaria, ukabaki bila tiba.

Waliopona wakakua, na ndio baadhi yetu. Chini ya jino la utotoni hukaa mbegu ya jino la ukubwani, na spoku haichagui. Kwa hiyo unakuta mtu mzima chonge moja haipo kabisa, au imeota imepinda, ina rangi ya ajabu, au imezama ndani ya taya haijui njia ya kutokea. Meno ya pembeni nayo hayasubiri mtu, yakiona nafasi yanaegemea.

Ndiyo maana kabla ya kupanda gari muulize mama, na kama mama hakumbuki, muulize bibi: mimi niliwahi kutolewa nailoni? Uliza kwa adabu, si kwa kesi. Wao walitaka uishi. Jibu mpelekee dokta. Akijua hilo ataitazama eksirei kwa jicho jingine, atatafuta chonge iliyopotea badala ya kudhani iling'olewa baada ya kuoza. Na kama hapo nyumbani kuna mtoto mchanga anayeharisha leo na kuna mtu ananong'ona habari za nailoni, mtoto apelekwe kituo cha afya. Fundi abaki na spoku zake.

MDOMO UNAJAZWA UJI WA BARIDI

Baada ya maswali kiti kinalazwa. Dokta anavaa glavu, anaingiza kioo kidogo, anahesabu meno. Mtu mzima aliyekamilika ana 32, mtoto wa meno ya utotoni ana 20. Atakuambia uma, fungua, uma tena, sogeza taya kulia, kushoto. Anapima kwa kirula kidogo meno ya juu yametangulia ya chini kwa milimita ngapi. Atakutazama uso kwa mbele na kwa ubavu. Usijisikie vibaya, hakukagui kama mchumba. Mara nyingine kosa si la meno, ni taya moja iliyokua kuliko nyenzake, na hilo waya peke yake haliwezi.

Kisha picha. Kuna za kamera, za uso na za meno, ambapo utavutwa midomo na vishikio vya plastiki mpaka ufanane na kinyago. Kuna eksirei inayozunguka kichwa chako na kuonyesha meno yote kwa mkupuo, pamoja na yale yaliyojificha. Nyingine hupigwa kwa ubavu kuonyesha taya zilivyokaa. Haziumi. Toa hereni, mkufu na pini za nywele kabla hujaambiwa, utaokoa muda.

Kituko kiko kwenye kuchukua chapa. Wanakoroga unga na maji unakuwa kama uji mzito, wanautia kwenye kisahani chenye umbo la taya, wanakubandika mdomoni. Ni wa baridi, unajaa, na ule wa juu unakaribia koo kiasi kwamba unaona kama roho inatoka. Haikutoki. Unashika kwa dakika chache tu. Inamisha kichwa mbele, pumua kwa pua, chezesha vidole vya miguu ili akili ihame. Na tafadhali, usiende umeshindilia chapati na supu muda huohuo. Kula mapema, kidogo. Katika chapa ile wanamwaga plasta, inatoka sanamu ya meno yako, ambayo dokta anabaki nayo kuipigia hesabu. Kliniki nyingine siku hizi wanatumia kijiti chenye kamera kinachosoma meno, hakuna uji wala nini.

MWANYA: AZIBE AU AACHE?

Kuna jambo moja vitabu vya Wazungu haviwezi kukuambia. Kwao mwanya wa meno ya mbele ni kasoro ya kurekebishwa. Kwetu mwanya ni mali! Wangapi wamesifiwa kwa mwanya tu? Sasa dokta akipanga meno anaweza kuuziba bila hata kukuuliza, kwa kuwa kwenye hesabu zake ile ni nafasi ya bure ya kuingizia meno yaliyobanana. Kama unaupenda, sema siku ileile ya kwanza. Kama huutaki, sema pia, ila ujue mwanya ni mkaidi. Ukizibwa hutaka kurudi, na mara nyingi hubandikwa kijiwaya chembamba nyuma ya meno ili kuushikilia miaka na miaka.

Na wale mnaojifunga lastiki za pesa kwenye meno mawili ya mbele ili mwanya uzibe kienyeji, acheni leo. Jino limechongoka kuelekea mzizini, hivyo lastiki inateleza juu, inazama ndani ya ufizi, inakata mfupa unaolishikilia. Huioni tena. Baada ya muda meno mawili mazima yasiyo na tundu hata moja yanacheza kama ya bibi, na yanang'oka. Ulikuwa na mwanya, umepata pengo.

Wengine wataambiwa hawana haja ya waya. Jino limepinda kidogo, linatafuna vizuri, linasafishika. Dokta mkweli atasema liache. Ukimpata wa namna hiyo, mshukuru, amekuokolea chapaa.

HESABU YA NAULI

Haya, tuje kwenye kasheshe yenyewe. Waya hazifungwi zikasahaulika. Jino linasogea kwa sababu waya unalisukuma polepole, mfupa wa upande mmoja unaliwa na wa upande wa pili unajengwa, kwa mwendo wa milimita moja hivi kwa mwezi. Ukilazimisha haraka unaharibu mzizi. Kwa hiyo kazi kamili huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, wengine zaidi, na kila wiki nne hadi nane unatakiwa kiti kilekile ukakazwe.

Piga hesabu sasa hivi, kabla hujamkubalia mtu. Miaka miwili ya kwenda kila mwezi ni safari 24. Zidisha kwa nauli ya Mkuyuni hadi Morogoro, ongeza ya Dar kama bingwa yuko huko, weka na chakula, halafu zidisha mbili kama mzazi anakusindikiza. Kwa mtu wa mlimani, nauli inaweza kukimbizana na bei ya waya zenyewe. Mvua za masika nazo zina ratiba yake, haziulizi una miadi lini.

Kwa hiyo, bila haya, muulize dokta: bei yote ni kiasi gani, nalipa kwa mafungu au kwa mkupuo, kidude kikibanduka nalipia, na baada ya kuvua waya kile kifaa cha kushikilia meno yasirudi kiko ndani ya bei au kina bei yake? Bila kifaa hicho meno hurudi yalikotoka. Kama una kadi ya bima, ulizia kama inagusa kupanga meno au inaishia kwenye kung'oa. Muulize pia kama kuna miezi anaweza kukutazama daktari wa Morogoro akatuma picha kwa simu, ili usishuke Dar kila mara. Na kama jina lake hulijui, uliza kama amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Si dharau, ni haki yako.

Mwenye mtihani wa kidato cha nne mwakani afikirie mara mbili. Ukifunga waya Machi, matokeo yakikupeleka bweni mkoa mwingine, nani atakukaza? Waya zilizoachwa mdomoni bila mtu wa kuzitazama ni balaa kuliko meno yaliyopinda. Meno yanakwenda yanakotaka, chini ya vidude panaoza, na siku zikivuliwa unaachiwa mabaka meupe. Unaweza kungoja. Watu wa miaka 30 na zaidi wanapangwa meno, mfupa bado unatii, unakwenda taratibu kidogo tu. Ukiamua kuanza na ukahama katikati, dai nakala ya picha na maelezo yako uondoke nayo.

Jingine litakalokushtua: huenda ukaambiwa meno mazima mawili au manne yang'olewe, mara nyingi yale magego madogo nyuma ya chonge, ili kupata nafasi. Usikimbie. Usikubali papo hapo pia. Omba akuonyeshe kwenye picha kwa nini, nenda kaongee nyumbani, rudi na jibu.

MIWA KWAHERI

Kwa mtoto wa Mkuyuni, kubwa litakuwa tumbo. Ukishafungwa waya, muwa hung'wafui tena kwa meno. Mahindi ya kuchoma unapukuchua kwa vidole. Nanasi unakata vipande vidogo. Embe nyuzi ndiyo adui mkubwa, nyuzi zikinasa kwenye waya unashinda mbele ya kioo. Fenesi lenyewe ni laini, kula, ila mbegu zake za kukaanga achia wadogo zako. Kashata, ubuyu wa mbegu na Big G, hapana. Ndizi za kila aina ruksa, na kwa bahati hizo zimejaa milimani kwenu. Mswaki wa mti hauingii chini ya waya, utahitaji wa dukani wenye brashi laini na dawa yenye floraidi, kila baada ya kula.

Siku ya kwanza ikiisha, dokta anaweza kukuingizia vijilastiki vidogo katikati ya magego ili kutengeneza nafasi ya pete za chuma utakazovishwa safari ya pili. Vimewekwa na mtaalamu na vinatolewa baada ya siku chache, si kama lastiki zenu za pesa. Unahisi kama kipande cha nyama kimenasa, na siku mbili tatu gego linauma ukitafuna. Uji, mtori, ndizi za kuchemsha, na panadol ukizidiwa. Kikidondoka usikirudishe mwenyewe. Kiweke kwenye karatasi, piga ile namba uliyopewa kliniki, uulize kama urudi mapema au usubiri tarehe yako.